Kazi ya Kwanza Uliipataje? Misimu Mitatu kwenye Maegesho ya Ohio Stadium

Jumamosi ya tarehe 1 Septemba 2012, nikiwa sijatimiza wiki tatu tangu nitue Columbus, Ohio, nchini Marekani, nikitokea Morogoro, mwenzangu wa maabara alinikataza kwenda maktaba. Timu ya chuo chetu, Ohio State, ilikuwa inafungua msimu wa futiboli ya Kimarekani, naye alisema kwamba mtu atakayeonekana na vitabu siku hiyo atadhaniwa mgonjwa. Tulivuka daraja la mto Olentangy, unaotenganisha upande wa kilimo na upande wenye uwanja, tukaingia ndani ya umati wa nyekundu na kijivu ambao sikuwa nimewahi kuuona mfano wake. Nilikwisha kuuona Uwanja wa Taifa kule Dar es Salaam ukijaa watu 60,000 Simba na Yanga zinapokutana, lakini Ohio Stadium, uliofunguliwa mwaka 1922, hubeba zaidi ya watu 100,000, na waliofuatwa na halaiki yote ile walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwetu mashindano ya vyuo vikuu huchezwa mbele ya wachezaji wa akiba na wauza karanga.

Siku hiyo Ohio State iliifunga Miami ya Ohio 56 kwa 10, nami sikuingia uwanjani kwa sababu sikuwa na tiketi. Nilibaki kwenye maegesho karibu na barabara ya Lane Avenue, pamoja na kundi la watu wapatao kumi na wawili ambao huja pale muda wa saa nne kabla ya mechi kuanza, hufungua milango ya nyuma ya magari yao, huwasha majiko ya kuchomea nyama na kupanga viti vya kukunja mahali palepale kila mwaka. Nusu yao huingia uwanjani na nusu hubaki wakitazama runinga ndogo iliyowekwa ndani ya gari. Mgeni anapoletwa huulizwa mambo matatu, nayo ni mwaka aliohitimu au atakaohitimu, alichosomea, na kazi anayofanya. Kisha wenyeji nao, mmoja baada ya mwingine, hujibu maswali hayohayo kwa ajili yake. Kwa misimu mitatu nilisikia majibu hayo zaidi ya mara hamsini, na kama ningeyasikiliza vizuri tangu mwanzo ningeokoa fedha nyingi na karibu miaka miwili ya maisha yangu. Ninaandika kwa sababu kila mwaka vijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na kwingineko huniuliza kuhusu kusoma uzamili nje, na maswali yao ni yaleyale niliyokuwa nikijiuliza mimi, ambayo sasa najua hayakuwa maswali sahihi.

Sikuchagua sayansi ya chakula kwa mapenzi. Kidato cha sita nilitaka udaktari, alama hazikufika, na kozi ya sayansi na teknolojia ya chakula ilikuwa chaguo langu la nne kwenye fomu. Nilipohitimu SUA nilifanya kazi Dar es Salaam kwa muda nikiuza juisi za kampuni fulani kwa maduka ya jumla, nikiwa nimeshawishika kwamba tatizo langu lilikuwa kukosa shahada ya pili. Sikumuuliza hata mtu mmoja mwenye shahada hiyo ya pili anafanya kazi gani. Niliandika barua pepe kwa maprofesa zaidi ya ishirini, nikajibiwa na watatu, na mmoja akanipa nafasi ya msaidizi wa utafiti, yaani saa 20 za kazi ya maabara kwa wiki, nami nikasamehewa ada na kulipwa posho ya kila mwezi.

Watu husikia habari ya kusamehewa ada wakadhani safari ni ya bure. Mitihani ya kuombea nafasi, yaani GRE na ule wa Kiingereza wa TOEFL, ada za maombi, dola 200 za mfumo wa serikali ya Marekani unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 160 za viza na tiketi ya ndege vilifikia karibu shilingi milioni nne, na viwango hivyo viwili vya serikali vimepanda tangu wakati huo. Mama alikopa SACCOS na mjomba akauza ng'ombe wawili. Hata hivyo kosa langu la kwanza la fedha lilitokea baada ya kufika. Nilikuwa na dola 400 mfukoni, posho ya kwanza ililipwa mwishoni mwa Septemba, mwenye nyumba alitaka kodi ya mwezi pamoja na dhamana siku ya kuingia, na msamaha wa ada haukugusa michango mingine ya chuo. Niliishi kwa mkopo wa Mkenya mmoja niliyekuwa simfahamu hata kwa jina la pili. Anayekwenda leo akae na akiba ya miezi miwili kamili kabla ya kukubali nafasi, na amuulize profesa kwa maandishi tarehe ya malipo ya kwanza. Swali hilo halina aibu, nao hulijibu bila kuona tabu.

Narudi kwenye maegesho.

Kiongozi wa kundi alikuwa mzee aliyehitimu mwaka 1970 katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mwanafunzi wakati timu ya mwaka 1968, chini ya kocha Woody Hayes, ilipomaliza msimu bila kufungwa na kutwaa ubingwa wa taifa, na kwake tukio lolote la maisha lilikuwa kabla au baada ya msimu huo. Aliposema kazi yake alitamka tu kwamba alikuwa benki, akiwakopesha wakulima, kwa zaidi ya miaka thelathini. Jirani yake alikuwa mwanamama aliyesomea jiolojia na kufanya kazi ya ukaguzi wa maji katika ofisi ya jimbo. Alikuwapo bwana mmoja aliyesomea muziki na kupiga sousaphone, ile tarumbeta kubwa inayozunguka mwili, katika bendi ya chuo ambayo ina vyombo vya shaba na ngoma peke yake; siku hizi anauza bima. Alikuwapo pia fundi bomba ambaye hakumaliza shahada na ambaye ndiye aliyekuwa na gari zuri kuliko yote. Na alikuwapo mhandisi wa kemikali, mtu wa cheo kikubwa kiwandani, ambaye nilimtamani kama mfano wa kuigwa kwa sababu maneno yake yalikuwa mafupi na yote yalikuwa ya ushindi.

Msimu ule wa kwanza nilisikia vyeo tu. Nilirudi chumbani na daftari, nikaandika upande mmoja shahada na upande wa pili kazi, nikajaribu kupata kanuni. Kanuni haikupatikana. Ng'ombe ilikuwa imezaa benki, jiolojia ilikuwa imezaa ofisi ya serikali, muziki ulikuwa umezaa bima, nami nikahitimisha kwamba Wamarekani hawako makini na elimu yao. Miaka miwili ilipita kabla sijatambua kwamba mstari niliouacha mtupu katikati ya pande hizo mbili, yaani namna mtu alivyotoka kwenye shahada akafika kwenye kazi ile ya kwanza kabisa, ndio uliokuwa na habari yote.

Aliyenifungua macho kwa mara ya kwanza hakuwa mhitimu wa pale. Columbus ina jumuiya kubwa ya Wasomali, na wengi wao walipitia Kenya, kwa hiyo Kiswahili husikika madukani na kwenye mabasi. Baba mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi Garissa alikuwa akija kumchukua mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa akifanya kibarua cha kuongoza magari pale maegeshoni. Aliposikia nikiongea na simu ya nyumbani alisogea.

“Dada, wewe ni wa Tanzania? Basi njoo unisaidie kumwambia huyu kijana asome.”

Tulicheka, tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa dereva wa lori. Cheti chake cha ualimu hakikuwahi kumsaidia Marekani kwa sababu alikuja na nakala tu, na kila ofisi ilitaka matokeo yake yaletwe moja kwa moja kutoka chuoni, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Aliandika barua nyumbani mara kadhaa, hakujibiwa, kisha watoto wakataka kula, akachukua leseni ya lori. “Sikukosa elimu, dada yangu,” aliniambia, “nilikosa bahasha.” Nilimsikitikia sana siku hiyo. Miaka mitatu baadaye nilikuja kufanya kosa linalofanana na lake, tena nikitokea upande wa pili wa bahari, na nikiwa nimeonywa.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo chuo kizima kilikuwa kinamzungumza mchezaji kijana, Cardale Jones, aliyeandika mtandaoni kwamba walikuja pale kucheza mpira na si kusoma, hivyo vipindi havina maana. Wengine walikasirika, wengine walicheka. Mzee wa benki alisema tu kwamba kijana ametamka kwa sauti kile ambacho wenzake wengi hukiwaza, na kwamba ni heri yeye kuliko anayehudhuria kila kipindi bila kujua anakwenda wapi. Nilijua ananisema mimi, ingawa sidhani kama alikusudia. Alipenda kumlinganisha kijana huyo na Archie Griffin, mchezaji pekee aliyetwaa mara mbili Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1974 na 1975, ambaye alisomea mahusiano ya kazi viwandani, akahitimu kabla ya muda wake, na wakati ule ndiye aliyekuwa akiongoza chama cha wahitimu.

Timu ya 2012 ilishinda mechi zake zote 12, ya mwisho ikiwa dhidi ya Michigan, 26 kwa 21, na haikupata chochote, kwa kuwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikuwa kimeizuia kucheza mechi za baada ya msimu kutokana na makosa ya miaka ya nyuma. Nakumbuka jinsi nilivyowaonea huruma. Mimi nami nilikuwa nakusanya alama za A kwa mtindo huohuo, wiki baada ya wiki, nikidhani kwamba mwishoni kuna mtu anayehesabu na kugawa zawadi. Sikuhudhuria hata moja ya siku ambazo viwanda vya nyanya, maziwa na nyama vilikuja chuoni kuzungumza na wanafunzi, kwa sababu siku hizo ziligongana na kazi yangu ya maabara na niliona aibu kumwomba profesa ruhusa. Nilipomwomba hatimaye, katika mwaka wa pili, alishangaa kwamba sikuwa nimemwomba mapema.

Ilipofika vuli ya 2013 nilibadilisha swali. Haikuwa busara yangu. Lilinitoka nilipokuwa nimechoka. Mwanamama wa jiolojia alikuwa akinieleza kazi yake nami nikamkatiza: “Lakini kazi ya kwanza uliipataje?” Akaweka chini sahani. Alisema alikuja chuoni kusomea ufamasia, akafeli kemia mara mbili, akaingia jiolojia kwa kuwa ndiyo idara iliyokubali kumpokea katikati ya mwaka, na kwamba kazi ya kwanza aliipata kwa kumbebea profesa mmoja mitambo ya kupimia visima wakati wa likizo, bila malipo, hadi mtu wa ofisi ya jimbo alipokuja kutazama visima hivyo na kumwona yeye ndiye anayejua kuwasha mitambo. Tangu siku hiyo nikawa nawauliza wote swali hilohilo. Mzee wa benki aliitwa jeshini mara alipohitimu, akarudi, akaendesha lori la kukusanya maziwa kwa karibu miaka miwili, na benki ilimchukua kwa sababu alijua kwa majina kila mfugaji wa wilaya tatu na hali ya zizi lake. Bwana wa muziki alilipa mkopo wa chuo kwa miaka kumi na mitano. Fundi bomba alinieleza hesabu za siku alizokuwa akilala ndani ya gari, akacheka, kisha hakucheka tena.

Mhandisi hakusema kitu. Alikuja kusema msimu wa tatu, mwaka 2014, tukiwa tumekaa wawili tu mvua ikinyesha na wenzetu wakiwa wameingia uwanjani. Alikaa mwaka mzima na miezi miwili bila kazi baada ya kuhitimu, akiwa na alama za juu kuliko wote darasani, akimdanganya baba yake kwamba anafanya kazi. Alinipa habari hiyo kwa sababu niliingia katika maegesho yale nikiwa nalia.

Sababu ya kilio changu ilikuwa hii. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anapomaliza masomo huruhusiwa kufanya kazi katika fani yake kwa miezi 12, kwa utaratibu unaojulikana kama OPT, lakini lazima aombe kadi ya kazi kwa idara ya uhamiaji. Dirisha la kuomba hufunguka siku 90 kabla ya kumaliza masomo na kufungwa siku 60 baada ya kumaliza. Mimi nilimaliza mwanzoni mwa Agosti 2014. Ningeweza kuomba tangu Mei, lakini nilikuwa nimezama katika tasnifu, nikawa najiambia kwamba makaratasi yatasubiri, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilipotuma barua pepe za kukumbusha nilizihifadhi bila kuzisoma. Nilituma maombi katikati ya Septemba na dola 380 za ada. Wiki iliyofuata kiwanda kimoja cha maziwa kikanipa barua ya kazi ya kuanza Oktoba, nafasi niliyoitafuta kwa miezi minne. Kadi haikufika Oktoba, haikufika Novemba, na kiwanda kikampa nafasi mtu mwingine, jambo ambalo siwezi kuwalaumu. Lililonikata maini zaidi ni kugundua kwamba ile miezi 12 haisubiri kadi. Utaratibu wote unapaswa kwisha ndani ya miezi 14 tangu tarehe ya kumaliza masomo, kwa hiyo kadi ilipofika mwanzoni mwa Desemba ilikuwa imebakiza miezi kumi tu, na humo ndani mtu hatakiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla.

Mhandisi alinisikiliza, akanieleza mwaka wake ule wa uongo, kisha akafanya kitu ambacho nilipaswa kukiomba tangu 2012. Alichukua wasifu wangu, akafuta kurasa mbili za vyeo vya semina, akabakiza mambo matatu: kwamba naweza kupima sumu za ukungu kwenye nafaka, kwamba naweza kuandika mpango wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula kiwandani, na kwamba nimewahi kuuza juisi. Niliona aibu juu ya hilo la juisi. Yeye alisema ndilo litakaloniingiza, kwa kuwa meneja wa kiwanda hupenda mtu wa maabara anayejua kwamba bidhaa hununuliwa na watu. Kisha akawapigia simu watu wanne anaowafahamu.

Msimu ule Ohio State ilimpoteza mchezaji wake anayeongoza mashambulizi kabla msimu haujaanza, ikafungwa nyumbani na Virginia Tech katika mechi yake ya pili, ikampoteza kiongozi wa pili katika mechi ya Michigan, na ikabaki na wa tatu, ambaye hakuwa mwingine ila Cardale Jones, yule wa vipindi visivyo na maana. Tarehe 12 Januari 2015, nyumbani kwa mzee wa benki, tulimtazama akiongoza ushindi wa 42 kwa 20 dhidi ya Oregon na kutwaa ubingwa wa taifa. Nilikuwa nimepata kazi siku nne kabla, kwa mmoja wa wale watu wanne, katika kiwanda cha sosi na achari kaskazini mwa Ohio, udhibiti wa ubora, zamu ya usiku. Niongeze hapa, kwa kuwa watu hupenda kuacha habari yake pale, kwamba Jones alirudi darasani na kuhitimu Mei 2017 katika masomo ya Waafrika-Wamarekani na Afrika, idara ileile ambayo Kiswahili hufundishwa.

Kiwandani nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza kwa miaka miwili ya maabara, lakini nilifanya kosa jingine, la kutouliza mapema. Wenye shahada za sayansi waliweza kuongezewa miezi 17 (sasa ni 24), ila kwa sharti kwamba mwajiri awe amejisajili katika mfumo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi unaoitwa E-Verify. Kiwanda changu hakikuwa kimejisajili, na sikujua hadi Julai. Viza ya kazi ya H-1B nayo mwaka huo ilipata maombi karibu 233,000 kwa nafasi 85,000, na mwajiri wangu hakutaka kuingia katika bahati nasibu hiyo. Anayetafuta kazi kwa OPT aulize habari ya E-Verify siku anayopokea barua ya ajira, kabla ya kuuliza mshahara.

Nilirudi Tanzania Novemba 2015. Nilitegemea kwamba shahada kutoka Marekani itafungua milango yenyewe, na sasa nikiandika hivi najiona kichekesho. Waajiri walitaka shahada ya nje itambuliwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, na utambuzi huo ulihitaji matokeo rasmi kutoka chuoni. Mimi nilikuwa na nakala. Nilikumbuka ukingo wa barabara na dereva wa lori, nikaagiza upya kwa gharama na kusubiri kwa wiki kadhaa. Yalipofika likazuka la majina: cheti cha kidato cha nne kilikuwa na majina mawili na herufi moja tofauti, pasipoti ilikuwa na matatu, na shahada ya Ohio ilifuata pasipoti. Ilibidi nitafute wakili wa kuniandalia hati ya kiapo ya majina na kuisajili. Kabla ya kuomba pasipoti, weka vyeti vyote mezani na uhakikishe jina ni lilelile hadi herufi ya mwisho. Na kabla ya kuondoka nchi ya watu, ondoka na bahasha tatu za matokeo zilizofungwa chuoni, ambazo hutazifungua wewe mwenyewe. Nilipokamilisha yote hayo tulikuwa tumeingia 2016, na katikati ya mwaka huo serikali ikasitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa.

Miezi hiyo sikutoka nje sana. Nilikuwa nikiishi kwa mama, nikijibu wanaoniuliza kwamba “nasubiria mambo fulani.” Na hapa ndipo penye kosa ninalolijutia kuliko ile kadi. Pale pale Morogoro, kilomita chache kutoka nyumbani, SUA ilikuwa na kundi zima la watu waliosoma au waliofanya kazi na Ohio State, kwa sababu mradi wa iAGRI, ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za USAID, ulisimamiwa na chuo hicho na ulipeleka Watanzania wengi kusoma uzamili na uzamivu huko. Wengi wao walikwenda kwa viza ya J-1 yenye sharti la kurejea nyumbani, hivyo walijua tangu mwanzo kwamba wanarudi, wakajipanga kurudi. Niliwakwepa kwa miezi minane kwa kuona aibu ya kukosa kazi. Nilikuwa nimefanya vilevile alivyofanya mhandisi kwa baba yake, ilhali nilikwisha kuisikia hadithi yake hadi mwisho.

Nilikutana nao kwa bahati, kwenye foleni ya benki mjini. Mbele yangu alisimama mzee wa makamo mwenye kofia iliyofifia ya Buckeyes, jina la utani la timu ya Ohio State. Wapenzi wa timu ile wana salamu yao: mmoja hutamka herufi O na H kwa sauti, na mwingine, hata akiwa hamjui, humjibu I na O. Ilinitoka kabla sijafikiri. Akageuka na kujibu, foleni nzima ikatutazama kama wendawazimu. Kisha akaniuliza yale maswali matatu, nami kwa mara ya kwanza nikajibu lile la tatu kwa ukweli: sina kazi.

Mwaka huo watu walikuwa wamekufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kila aliyehusika na nafaka alikuwa anatafuta watu wa kupima sampuli. Yule mzee alinipeleka kwa mtu, huyo mtu akanipeleka kwa mwingine, nikapata mkataba wa miezi mitatu wa kuzunguka vijijini na kupima maghala. Malipo yalikuwa madogo kuliko ya zamu ya usiku Ohio, na niliugua malaria mara mbili. Mkataba huo ndio ulionipeleka kwenye kinu cha unga cha mtu binafsi, ambako nilikaa miaka mitatu nikisimamia ubora, na serikali ilipohamishia usalama wa chakula Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019 nilikuwa miongoni mwa wachache waliojua pande zote mbili za kaunta. Leo ninawasaidia wasindikaji wadogo kupata alama ya ubora ya TBS: kina mama wa unga lishe, vijana wa siagi ya karanga, kikundi kimoja cha asali. Namweleza mteja kwa nini karanga zake zenye sumukuvu zaidi ya sehemu 10 kwa bilioni hazitapita, wapi pa kuzianika, na namna ya kuomba barua ya utambulisho SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kipato hupanda na kushuka. Kuna miezi ambayo nalipa kodi ya ofisi kwa akiba. Mkopo wa SACCOS wa mama niliumaliza mwaka 2018.

Novemba iliyopita, Jumamosi ya mechi ya Michigan, simu iliita saa mbili usiku, ambayo kwao ilikuwa saa sita mchana. Kundi lilikuwa maegeshoni, mhandisi akiwa na ndevu nyeupe, mzee wa benki akiwa kwenye kiti cha magurudumu chini ya blanketi jekundu. Nami sikuwa peke yangu. Mezani kwangu alikuwapo kijana wa SUA, mwaka wa mwisho, aliyekuja kuniuliza ni chuo gani cha Marekani kinatoa shahada bora ya sayansi ya chakula. Niligeuza simu wakamwona. Wakamuuliza anamaliza lini, anasoma nini, anafanya kazi gani, akajibu kwa Kiingereza cha uoga. Kisha nikamwambia sasa ni zamu yake, awaulize kazi ya kwanza waliipataje, na aanze na yule mwenye ndevu.